Maamkio ya Barua na Alama Zake: Tahakiki ya "Mpendwa", "Ndugu" na "Habari"

Barua pepe tatu zaweza kufika katika masjala ya ofisi moja asubuhi moja, zote zikiomba jambo moja, yaani nakala ya cheti kilichopotea. Ya kwanza yaanza kwa maneno "Mpendwa Bwana/Bibi" na mkato. Ya pili yaanza "Habari" na mkato vile vile. Ya tatu haina neno lo lote la mwanzo ila kichwa, "YAH: OMBI LA NAKALA YA CHETI", kisha maelezo. Waandikaji wote watatu ni vijana waliosoma, wala hapana hata mmoja aliyekusudia kumvunjia heshima mzee atakayezifungua barua hizo. Hata hivyo mzee huyo, akiwa amelelewa katika Kiswahili, atahisi upungufu katika kila moja kabla hajajua haja yenyewe ni nini. Katika ya kwanza ameitwa mpendwa na mtu asiyemjua, ambaye wala hajui kama anamwandikia mwanamume au mwanamke. Katika ya pili ameulizwa hali yake, na kabla hajafumbua kinywa ajibu, muulizaji amekwisha kupita na kuanza kuomba. Katika ya tatu mtu ameingia ndani bila hodi.

Jambo hili huhesabiwa dogo. Vitabu vingi vya kufundishia uandishi hulipitia kwa haraka kana kwamba ni kazi ya kupanga karatasi: anwani ikae upande huu, tarehe chini yake, jina la heshima lifuate, kisha mkato. Mwanafunzi hukariri umbo, hufaulu mtihani, na siku anapotaka kumwandikia mtu wa kweli kwa haja ya kweli umbo hilo humtupa. Wala hasara haigawanyiki sawa. Mkubwa akimwandikia mdogo maneno matatu bila salamu, husemwa kwamba ana kazi nyingi. Mdogo akimwandikia mkubwa vivyo hivyo, husemwa kwamba hakufundwa, na barua yake huwekwa chini ya nyingine. Kosa, hata hivyo, limo zaidi katika mfano waliopewa vijana kuliko katika adabu yao. Mfano huo umeondoa maneno yaliyokuwa yakifanya kazi ya salamu katika barua ya Kiswahili, ukauachia mkato mmoja mzigo wote wa maneno hayo.

Barua ya Kiswahili ni ya zamani kuliko mkato wake. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yanayojulikana kwa tarehe ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa katika nyaraka za Wareno. Kwa karne ya 19 ushahidi ni mwingi zaidi: Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Waswahili yaliyokuwa katika hati hizo hizo, zikiwamo barua. Anayezisoma barua za namna hiyo hukuta mpango usiobadilika sana. Kwanza hutajwa anayeandikiwa, kwa neno la Kiarabu la kuelekezea, ila, na mfuatano wa sifa: jenabi, sheikh, muhibu, mwenye kuheshimiwa, fulani bin fulani. Hufuata dua ya kumtakia salama. Hufuata salamu. Kisha huja maneno mawili mafupi, ama baada au wa baada, na papo hapo nakuarifu. Kutoka hapo ndipo haja inapoanza.

Hati za barua hizo hazikuwa na mkato, wala nukta ya kufungia sentensi. Kazi ya kituo ilifanywa na neno. Aliyehudhuria hotuba ya Ijumaa analijua neno hilo, maana khatibu naye hulitumia kutenga sifa za Mungu na mawaidha yanayofuata. Katika barua lilitenga salamu na haja. Tena kituo cha namna hii kilikuwa na faida ambayo mkato hauna: kilisikika. Barua nyingi za zamani zilisomwa kwa sauti na mtu mwenye kujua kusoma, mbele ya yule aliyeandikiwa na pengine mbele ya nyumba nzima, na wasikilizaji walijua kwa masikio kwamba salamu zimekwisha na sasa yafaa kutega akili. Mkato hauwezi kufika sikioni kwa njia hiyo.

Maneno hayo hayakufa mara moja hati zilipobadilika. Katika Kiarabu neno la pili lajitosheleza, maana yake ni "baada ya hayo". Lakini Kiswahili kilikwisha kulifanya baada kuwa neno linalotaka kijalizo, baada ya jambo fulani. Kwa hiyo, yaonekana, wasemaji wakaligawia kijalizo kilichokuwa karibu zaidi, na wa baada ikawa baada ya salamu. Vizazi vya wanafunzi vimeanza barua zao kwa maneno haya bila kujua kwamba wanatia kituo cha zamani: "Salamu nyingi zikufikie. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako." Wajuzi wa mjini huyacheka maneno hayo, na walimu wengine huyakata kwa wino mwekundu wakisema ni ya kishamba na ya kupoteza nafasi.

Hapo ndipo panapotaka kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko walivyofanya wachekaji. Maamkio ya Kiswahili, karibu yote, ni ya watu wawili. Hujambo yataka sijambo. Habari yataka njema. Shikamoo yataka marahaba. Hodi yataka karibu. Neno la kwanza likikosa la pili hubaki likining'inia, na mwamkiaji huondoka na uchungu. Karatasi haijibu. Mwandikaji wa barua basi anakabiliwa na shida ambayo mwandikaji wa Kiingereza hana, maana neno la kuanzia barua katika lugha hiyo, Dear, ni la kuitia tu, halitazamii jibu. Waswahili waliitatua shida hii kwa werevu. Mwandikaji alijibu kwanza swali ambalo mwenzake angemwuliza ("mimi ni mzima"), kisha akaligeuza swali lake mwenyewe kuwa dhana ("natumai hujambo"). Na itazamwe sarufi yake: hujambo ya swali na hujambo iliyo chini ya natumai hazitofautiani hata herufi moja, kwa sababu swali la ndiyo au siyo katika Kiswahili laweza kutambulika kwa kiimbo tu. Kiimbo hakiandikiki, natumai huandikika. Neno moja limeondoa swali, na alama ya kuuliza ikaiachia nukta nafasi yake. Salamu imetimia, na hapana mtu aliyeachwa akisubiri.

Kwa kipimo hiki hukumu ya "Habari" yenye mkato si ngumu kutoa. Habari ni jina, na panapotumika kuamkia ni kipande cha swali kilichobaki baada ya mengine kuachwa: habari zako, habari za kazi, habari za nyumbani. Mtu akisema "Habari?" mlangoni, kiimbo chatimiza swali, na macho yake yangoja jibu. Akiandika "Habari" na mkato, kisha mstari unaofuata "Naomba kutumiwa", ameandika neno ambalo si swali, maana halina alama yake. Wala si mwito, maana habari si mtu. Mkato huo umeazimwa mahali ulipokuwa ukifuata jina la anayeitwa, ukabandikwa penye neno la kuulizia. Lau angeandika "Habari za kazi? Natumai ni njema.", angetumia maneno sita tu, na barua ingesimama kwa miguu yake. Wengine huandika "Habari Bwana Juma" pasipo alama yo yote katikati. Kwa sauti hapana tatizo. Kwa macho msomaji aweza kudhani kwamba kiunganishi kimeanguka, na kwamba anapashwa habari za Bwana Juma. Hapo mkato wa katikati una kazi ya haki: "Habari, Bwana Juma?"

Kuna udhaifu mwingine katika maamkio ya saa. Habari za asubuhi, pamoja na sabalkheri na masalkheri za pwani, ni maneno ya watu walio chini ya jua moja. Barua pepe iandikwayo Mwanza saa mbili asubuhi yaweza kufunguliwa usiku, au kesho yake, au Toronto penye saa nyingine kabisa. Walakini si neno la kupigiwa kelele. Msomaji mwenye moyo mwema hujua kwamba asubuhi ile ilikuwa ya mwandikaji.

Shikamoo yahitaji maneno zaidi. Asili yake husemwa kuwa ni kushika miguu, na kwa vyo vyote iwavyo, maana yake katika jamii ni kwamba asemaye amejiweka chini. Si swali, kwa hiyo haitaki alama ya kuuliza, na wanaoitia alama hiyo wamepotea. Ila yataka marahaba; tena yataka mwandikaji awe na hakika ya umri au cheo cha mwandikiwa. Kijana anayemwandikia mwalimu wake aijua hakika hiyo. Anayeiandikia ofisi asiyoifahamu haijui: huenda karani atakayefungua barua ni mdogo wake kwa miaka mitano, na shikamoo itamwonea haya. Kwa hiyo yafaa kwa mtu anayejulikana, nayo isimame peke yake kama sentensi kamili, ikifungwa kwa nukta: "Shikamoo, Mwalimu." Hapa mabishano ni juu ya mkato wa katikati. Wanaoukataa wana hoja ya sikio: shikamoo Mwalimu hutamkwa kwa pumzi moja, bila kutua. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini mkato katika uandishi wa Kiswahili haukuwa ukifuata pumzi peke yake. Huonyesha pia kwamba jina lililotajwa ni la anayeambiwa, wala si sehemu ya sentensi. Katika shikamoo hatari ya kuchanganya ni ndogo, na mwenye kuuacha mkato asihukumiwe. Katika habari, kama ilivyoonekana, hatari ni kubwa zaidi. Kanuni moja ya kulazimisha yote mawili ingekuwa ya kupendeza macho ya mhariri tu.

Lililo muhimu kuliko mkato huo, na ambalo husahauliwa, ni wingi. Kiingereza chaweza kumwamkia mmoja na mia kwa neno lile lile. Kiswahili hakiwezi: hujambo ni ya mmoja, hamjambo ni ya wengi, habari zako, habari zenu, shikamoo, shikamooni. Barua pepe inayopelekwa kwa watu kumi na wawili wa kamati ikianza "Natumai hujambo", kila mmoja kati yao hujiona ameandikiwa peke yake, kisha huyaona majina ya wenzake juu na kujua kwamba hakuandikiwa yeye hata kidogo.

Sasa kuhusu jina la kuitia. Mpendwa liliingia katika barua za ofisini likiwa tafsiri ya Dear, na tafsiri hiyo ilifanywa kwa kamusi badala ya kwa desturi. Neno la Kiingereza limekwisha kuchujuka kwa matumizi. Mwingereza humwandikia hivyo hata anayetaka kumshitaki. Lugha nyingine za Ulaya hazikukubali kuchujuka huko kwa kipimo kile kile. Mjerumani hutenga barua ya kirafiki, ambamo husema Lieber, na barua ya kiofisi, ambamo husema Sehr geehrter, yaani mwenye kuheshimiwa sana. Mfaransa katika barua rasmi hutosheka na Monsieur au Madame pasipo sifa yo yote. Mfasiri aliyeleta mpendwa ofisini alikuwa na njia hizo zote mbele yake, akachagua ile iliyohitaji neno ambalo katika Kiswahili bado lina damu. Mpendwa ni mtu apendwaye. Lile la jamaa yake, mpenzi, ambalo limetokana na penda kama mlinzi lilivyotokana na linda, lilikuwa likiandikwa zamani kwa rafiki bila aibu. Leo likiandikwa kwa mkuu wa idara litaleta mashaka nyumbani kwake. Mpendwa halijafika huko, lakini linavutwa upande mwingine: katika makanisa ya uamsho ya Afrika ya Mashariki wapendwa ni jina la kuitana waumini. Mtu aliye nje ya ushirika huo hulisikia kama jina la jamaa asiyo yake. Katika barua ya mama na mtoto, au ya marafiki wa kweli, mpendwa ni neno zuri lisilo na badala. Na kwa sababu hiyo hasa halifai kutumiwa kwa mkopeshaji.

Ndugu lina habari ndefu zaidi. Lilitumika ndani ya TANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa katika Tanzania jina la kuitia raia wote, kuanzia mkulima hadi waziri. Kusudi lilikuwa la kisiasa, lakini faida ya lugha ilikuwa kubwa pia. Katika Kiswahili cha Tanzania ndugu ni wa kiume au wa kike, ameolewa au hajaolewa, mzee au kijana. Mwandikaji asiyejua lo lote juu ya mtu wake aliweza kuandika Ndugu asikosee, na barua ya mwanzo wa makala hii isingehitaji ule mkwaju wa "Bwana/Bibi", ambao humfanya msomaji achague mwenyewe yeye ni nani. Katika miaka ya 1990, siasa za vyama vingi ziliporudi, mheshimiwa lilitanuka na ndugu likarudi nyuma, ijapokuwa halikutoweka. Hasara hiyo haijafidiwa. Mheshimiwa ni sifa ya cheo; likiandikwa kwa asiye na cheo huwa kejeli au ombi la rushwa. Hata hivyo ndugu halivuki mipaka kwa wepesi. Kwa wasemaji wengi wa Kenya maana yake iliyo karibu ni ndugu wa kiume, na ndiyo sababu hukutana na jozi ya "ndugu na dada". Mwanamke wa Nakuru akiandikiwa Ndugu ana haki ya kushangaa. Yafaa kuongeza kwamba makampuni ya simu yameling'ang'ania ndugu kuliko serikali. Mtu hupata ujumbe wenye maana ya kwamba ndugu mteja, salio lake limekwisha. Undugu wa aina hiyo haukuwamo katika Azimio. Kwa upande wa vituo, hata hivyo, ujumbe huo ni sahihi kabisa: mwito, mkato, kisha sentensi iendelee kwa herufi ndogo, kwa kuwa yote ni sentensi moja.

Bwana bado lafaa kwa mwanamume karibu po pote. Shida ni mwenzi wake. Katika mitaa mingi bibi ni mama mzaa mama, au ni mke wa mtu. Mwanamke wa miaka thelathini, mkurugenzi, akiandikiwa "Bibi" na mkato, husoma umri asiokuwa nao. Bi pamoja na jina lake, kwa desturi ya pwani, ni la heshima na halina umri. Lakini njia iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo wasemaji wenyewe huifuata kila siku pasipo kufundishwa: kumwita mtu kwa kazi yake. Mwalimu, Daktari, Katibu, Mhariri, Mkurugenzi, haya ni majina ya kuitia yaliyo hai kinywani, hayana jinsia, wala hayamdai mtu mapenzi. Waandikaji wa barua kwa magazeti wamezoea kuanza "Ndugu Mhariri" au "Bwana Mhariri", na hapana aliyepotea njia kwa kufanya hivyo. Jina hilo liandikwe kwa ukamilifu wake. "Ndg." na "Bw." zafaa juu ya bahasha, katika mstari wa mwito nukta ya ufupisho hugongana na mkato unaofuata, na mtu huonekana ameitwa kwa haraka ya kutaka kumaliza.

Na baada ya jina hilo itiwe alama gani? Waingereza hutia mkato. Wamarekani katika barua za biashara hutia nukta mbili. Wajerumani zamani walitia alama ya mshangao na sasa aghalabu hutia mkato, kisha huendelea kwa herufi ndogo. Katika Kiswahili alama ya mshangao haifai, maana "Ndugu Katibu!" ni sauti ya mtu anayeita moto. Nukta mbili zina ubaya wa pekee ambao wanaoziiga hawajautambua. Katika tamthilia na mazungumzo yaliyochapwa, jina likifuatwa na nukta mbili ni jina la anayesema. "Ndugu Katibu:" juu ya barua humfanya Katibu kuwa mwenye maneno yanayofuata, naye akajikuta anaomba ruhusa kwake mwenyewe. Unabaki mkato, nao watosha. Herufi kubwa ya mstari unaofuata ni desturi ya Kiingereza iliyokwisha kuzoeleka, na haina madhara endapo mstari huo ni sentensi ya salamu inayojitegemea. Mkato basi wabaki na kazi yake ndogo ya kutenga mwito, salamu ipewe sentensi yake na nukta yake: "Ndugu Katibu," kisha, mstari wa chini, "Natumai hujambo na kazi zinaendelea vema." Kwa Waislamu wanaoandikiana, sentensi hiyo ni Assalamu alaikum, ambayo ni dua na hufungwa kwa nukta. Sura ya 4 ya Kurani, aya ya 86, yaagiza salamu ijibiwe kwa iliyo bora au mfano wake, na kwa hiyo kuifupisha kwa herufi mbili za mwanzo ni kumpa mtu deni la dua nzima kwa malipo ya nusu.

Barua ya tatu, isiyo na salamu, yastahili kutetewa kidogo. Kichwa cha YAH, ufupisho wa yahusu, ni desturi ya ofisi za Tanzania. Wanafunzi wa Kenya hufundishwa KUH au MINT, yaani kuhusu na mintarafu. Kichwa humsaidia msomaji wa barua mia kujua ipi ni ya nani, na katika barua pepe kina nafasi yake maalumu juu, hakihitaji kurudiwa ndani. Ila kinachofuata kichwa hicho ndicho cha ajabu. Katika barua nyingi sana za kiofisi sentensi ya kwanza ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu", au "na mada tajwa hapo juu". Walimu wa sarufi wameilaumu kwa haki: husika ni kitenzi cha hali, na kumwamuru mtu awe katika hali ya kuhusika ni amri isiyo na mtendaji. Hata hivyo lawama ya sarufi haielezi kwa nini sentensi hii haifi. Haifi kwa sababu imekaa mahali pa ama baada. Waandikaji walionyang'anywa neno la kutenga mwanzo na haja waliendelea kuhisi kwamba pale pana pengo, wakalijaza kwa walichokipata. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mahali ambapo mwandikaji wa zamani alisema nakuarifu, ambayo ni sauti ya mtu anayeleta, wa leo asema husika, ambayo ni sauti ya mtu anayetuma. Kijana wa cheti aliyeandika "Ndugu Msajili, natumai hujambo. Naandika kukuarifu kwamba cheti changu kilipotea" amekwisha kupata yote mawili, adabu na kituo, kwa maneno machache kuliko hayo.

Limebaki jibu. Mzee wa masjala naye ana wajibu, kwa kuwa salamu ya barua, hata ikigeuzwa kuwa dhana, bado ni deni lililocheleweshwa. Aliyeandikiwa shikamoo aanze jibu lake kwa "Marahaba", na nukta, kisha ndipo aseme kama cheti kimepatikana au la. Wengi huliruka neno hilo kwa haraka, na mwanafunzi hubaki akijiuliza kama amekosea. Aliyeandikiwa "natumai hujambo" aseme "Sijambo, ahsante". Barua zikiendelea kupishana siku hiyo hiyo, haja ya kuamkiana upya haipo, kama watu wawili wa ofisi moja wasivyopeana shikamoo kila wanapokutana ukumbini. Jina la kuitia na mkato vyatosha, na barua ya tano yaweza kukosa hata hilo. Wakikatika mpaka jioni kisha mmoja akarudi na swali jingine, Kiswahili kina neno kwa ajili ya hali hiyo pia, nalo laandikika vizuri pamoja na alama yake: "Za tangu asubuhi?"